Unga Mweupe Kwenye Chombo cha Maziwa

Vijana wangu wa stoo,

Siku mliyoniaga mliniomba niandike nilivyofanya kazi pale jumba la makumbusho. Nikasema sawa, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na Fanta na mwingine mshikaki, na mtu hawezi kukataa vizuri katika hali hiyo. Sasa niko nyumbani Musaga. Asubuhi nasikia mabasi madogo yakiita watu wa kwenda mjini, na mimi siendi. Kwa hiyo nimekaa mezani naandika. Anayetaka kujua jinsi ya kupanda cheo amuulize mtu mwingine. Mimi niliingia karani nikatoka mtunza stoo, na hapo katikati vyeo havikunisumbua sana, wala mimi sikuvisumbua. Ninachokumbuka ni vitu, na watu wachache waliovishika.

Niliajiriwa kupiga taipu. Siku ya kwanza nilivaa sketi nzuri na viatu vya kisigino, nikapewa meza, taipureta na rundo la barua. Siku ya tisa taipureta ilivunjika mkono wa herufi mbili, ikapelekwa kwa fundi. Mkurugenzi wa wakati ule akaniambia nishuke stoo nikamsaidie Mzee Saidi mpaka itakaporudi. Haijarudi mpaka leo. Mkiiona popote mjini, mnijulishe.

Stoo mnaijua, ila wakati ule ilikuwa na joto zaidi. Madirisha mawili yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na taa ilikuwa moja. Mzee Saidi alikuwa mtu wa Buyenzi, mwembamba, kofia nyeupe, ndara za mpira. Alianza kazi pale kama mfagiaji, na kufikia siku niliyomkuta hakuna aliyejua kilipo kitu chochote isipokuwa yeye. Aliniangalia kuanzia chini.

“Na hii viatu unataka kupanda ngazi?”

“Sina vingine, Mzee.”

“Basi vua. Batu ba zamani, benye hivi vitu, habakuvaa. Habatakulaumu.”

Nikavua. Miaka yote iliyofuata niliacha viatu mlangoni, na ndiyo maana mlinikuta na ile tabia mliyokuwa mnaicheka.

Somo la kwanza alinipa siku ileile. Aliniwekea kikapu mikononi, nami nikaanza kukigeuza nikitazama mafundo, kwani mama yangu alisuka na nilijiona ninajua. Akakichukua tena.

“Apana. Nusa kwanza. Ukiisha kunusa, njo uangalie.”

Nilidhani ananitania. Lakini baada ya miezi michache niliweza kufunga macho na kujua kikapu kilichoingiwa na unyevu, kwa kuwa kinanuka kama nguo iliyokaukia kivulini. Mti unaoliwa na wadudu kwa ndani unanuka unga mkavu kabla hujaona tundu hata moja. Ngozi inayoanza kuharibika, hiyo hata mgeni ataijua. Siku moja mtalii alinikuta nimeinamia kigoda, pua karibu na mti, akasimama kimya kwa heshima. Alidhani nasali.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Namba ya kitu tuliandika kwa wino mweusi juu ya tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, upande wa chini, mahali ambapo mwenye kukiweka mezani hataiona. Rangi ya kucha nilinunua mwenyewe, kwa sababu wakubwa walikataa kusaini ombi la vipodozi. Tulikuwa na brashi za kunyolea ndevu kwa ajili ya vumbi, na kadi ngumu za rangi ya maziwa, kadi moja kwa kila kitu. Mara moja tuliletewa glavu za pamba, dazeni nzima, zote za mkono wa kulia. Mzee Saidi alizivaa hivyohivyo, mkono wa kushoto ukiwa umejikunja kidogo kama wa mtu mwenye baridi yabisi.

Na kulikuwa na soksi. Hii nawaomba msome taratibu.

Wadudu walikuwa adui wetu mkubwa, na kila baada ya miezi mitatu tulitia dawa. Ilikuja ndani ya debe lisilo na karatasi, kutoka ghala la kilimo: unga mweupe, laini, wenye harufu kali na chungu inayokaa nyuma ya koo. Mzee Saidi aliujaza ndani ya soksi ya mtoto, akaifunga kwa kamba, kisha akawa anaigonga polepole juu ya kila kitu, kama mtu anayenyunyizia unga kibao cha chapati. Tulijifunga vitambaa puani. Vyombo vya maziwa, vile vya mti tunavyoviita ivyansi, tulivipa zaidi kuliko vyote, nje na ndani, kwa kuwa mti ulioshiba maziwa wadudu wanaupenda mno. Kisha tulifunga mlango siku mbili. Tuliporudi tulipangusa, na ule unga ulibaki tu kwenye mifereji ya nakshi ambako kitambaa hakifiki.

Nilipokuwa bado mgeni niliuliza tuandike wapi kwenye kadi.

“Uandike nini?” alisema Mzee Saidi. “We ukifagia nyumba yako, unaandika?”

Tukacheka. Sikuuliza tena. Kwetu kutia dawa kulikuwa usafi, na usafi hauandikwi. Kadi zetu zilisema chombo kilitoka mlima gani, kina urefu gani, kimepasuka wapi. Kuhusu soksi hazikusema kitu.

Mzee Saidi aliondoka duniani miaka mingi iliyopita, kifua kikimsumbua. Sijui kama ni ule unga. Daktari hakuulizwa na sisi hatukujua kuuliza. Nilimpenda mzee yule kama baba, na soksi nilirithi mimi. Niligonga miaka na miaka, mpaka siku alipopita mtaalamu mmoja katika mafunzo akatueleza kwamba dawa zile ni sumu, hazitoki ndani ya mti, na katika nchi za Ulaya walitia nyingine mbaya kuliko zetu. Nikaacha siku ileile. Lakini kadi sikuzigusa. Niliona kama nitamchafulia jina marehemu. Pia nilijiambia, nani atakunywa kwenye chombo cha makumbusho? Niliiweka ile hoja mfukoni nikaendelea na kazi.

Baadaye ikaja habari ya vitu vilivyochukuliwa na wakoloni kurudi. Mnakumbuka ofisi zilivyojaa maneno: barua, mikutano, wageni wenye tai. Miaka mingi hakuna kilichorudi isipokuwa barua. Kisha, mwaka wangu wa mwisho kazini, kikapangwa kurudi chombo kimoja, na chombo chenyewe kilikuwa cha maziwa.

Mwenye madai alikuwa Mama Verediana wa Gasenyi. Alikuja ofisini mara ya kwanza na mkwe wake, Espérance, mke wa mwanawe, aliyekuwa amekiona kwenye simu, katika picha za jumba moja la makumbusho la Ulaya. Chini ya picha kulikuwa na jina la mlima wao na jina la babu wa mume wa Mama Verediana, kisha neno “zawadi”. Mama Verediana aliuza maharage sokoni sehemu kubwa ya maisha yake, na Kiswahili chake ni cha sokoni.

“Zawadi gani?” aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. “Ule mukubwa wa Kizungu alikuja ku nyumba, akaonyesha kidole: nataka kunywa mu ile. Bakamupatia, baliogopa. Akakunywa, akasema merci, akampa mutu wake wa kubeba mizigo. Akaenda nayo.”

Kile chombo hakikuwa cha kila siku. Katika nyumba ile, mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa mtu wa nyumba mpaka anywe maziwa kwenye chombo hicho siku ya kuingia. Kwa sheria hiyo, nilimwambia, mzungu yule alikuwa bibi harusi wao wa mwisho. Espérance alicheka mpaka akakaa chini. Mama Verediana hakucheka.

“Miye sijakunywa,” alisema. “Nilikuja, chombo haiko. Mama-mukwe alinipikia, alinifundisha, batoto bangu alibabeba ku mugongo. Lakini tukigombana tu: we si mutu wa hapa, uliingia kwa mulango ya nyuma. Amekufa akisema vile. Nataka kukunywa mbele sijakufa. Njo hiyo tu.”

Vijana, katika kazi yetu mtaulizwa mara nyingi kwa nini vitu virudi, na mtapewa majibu marefu ya kusoma mbele ya watu. Mimi nilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa limekaa mbele yangu na mkoba wa plastiki magotini.

Madai yalichukua muda. Kilichosaidia ni ufa. Mama-mkwe alikuwa amesimulia mara nyingi kwamba chombo kilipasuka mdomoni na kikashonwa kwa waya wa shaba, mishono mitatu. Tukawaandikia wale wa Ulaya wakitazame. Wakajibu kwamba waya upo, na mishono ni mitatu. Baada ya hapo neno “zawadi” halikutajwa tena.

Sanduku lilifika pamoja na mtaalamu wao, mama mmoja mpole aliyekuja na glavu za mikono yote miwili. Tulilifungua stoo, siku moja kabla ya sherehe ya makabidhiano: yeye, mimi na mkurugenzi wetu. Chombo kilikuwa kizuri, chenye mabega ya mviringo na kifuniko cha ukindu kilichochongoka, mti umekuwa mweusi kwa kushikwa. Mkurugenzi akapiga picha. Mimi nikainama, nikanusa.

Ilikuwa harufu chungu, nyuma ya koo. Haikuwa ileile yetu, ilikuwa kavu zaidi, lakini ni ndugu yake. Nikawasha taa ndogo nikatazama chini ya mdomo, pale waya ulipoingia kwenye mti. Kwenye mfereji kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

“Hiki kimetiwa dawa,” nilisema.

Mgeni alifungua faili lake, akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa uaminifu kabisa. “Hakuna kilichoandikwa,” alisema. “Hatuna kumbukumbu ya dawa yoyote.”

Mkurugenzi alifurahi. Kama haikuandikwa, basi haipo. Nikamwambia kipimwe kwanza, akasema kesho waziri anakuja, viti vimekodiwa, na kupima kunafanyika Ulaya. Familia itaandikiwa barua baada ya sherehe. Nami nikalifunga sanduku. Nilijua hawajaandika maziwa kwenye ratiba, nikajidanganya kwamba Mama Verediana atashika tu chombo, atapigwa picha, ataenda nyumbani. Ningempigia simu Espérance jioni ile yote yasingetokea. Namba yake nilikuwa nayo. Sikupiga, na hilo halina wa kulaumiwa ila mimi.

Sherehe ilifanyika uani. Ngoma zilipigwa, hotuba zikasomwa, moja ilikuwa na kurasa nyingi kuliko faili la mgeni. Mimi nilipangiwa kubeba chombo kutoka mezani hadi mikononi mwa Mama Verediana, nimevaa glavu nyeupe. Nikafanya hivyo. Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho kifuani muda mrefu, mpaka mpiga picha akaacha kupiga. Kisha akakiweka juu ya meza, akaondoa kifuniko, akaingiza mkono ndani ya kitenge chake, akatoa chupa ya chai. Hakukuwa na chai ndani yake. Alimimina maziwa.

Watu wakapiga makofi. Waziri mwenyewe alisimama. Mama Verediana akainua chombo.

Nilimshika mkono.

“Mama, apana. Usikunywe.”

“Unasema nini?”

“Iko na dawa ndani. Ya kuua wadudu. Ni sumu.”

“Nani amekuambia?”

“Nimenusa.”

Mtu nyuma alicheka. Mkurugenzi alichukua kipaza sauti akasema Madame, yaani mimi, amefanya kazi kubwa siku hizi na amechoka, tumpe makofi. Mgeni akasema kwa sauti ndogo, hakuwa na ubaya, kwamba kweli kwenye faili hakuna kitu. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Sikuwa nimepandisha sauti uani pale tangu niajiriwe.

“Hata kwenye faili zangu hakuna kitu,” nilisema. “Stoo hii yote nimeitia dawa kwa mkono huu, vyombo vya maziwa kuliko vyote, na sijaandika hata mara moja. Kwa hiyo karatasi isiyosema kitu mimi siiamini. Nazijua. Nimeziandika.”

Mama Verediana alitazama maziwa, kisha akanitazama mimi.

“Miye nimengoja tangu niolewe,” alisema. “Mama-mukwe alinipitisha mulango ya nyuma. Leo ile chombo inarudi, na we unanifungia mulango ya mbele.”

Akamwaga maziwa kwenye majani, polepole, mpaka tone la mwisho. Akanirudishia chombo, akaondoka na watu wake bila kumuaga hata waziri. Nililia pale uani, sitawaficha, na nikagundua kwamba glavu za pamba hazifai kabisa kwa kufuta machozi.

Nilitarajia asirudi tena. Keshokutwa yake alikuja, na Espérance. Hakutaka kwenda kwa mkurugenzi. Alishuka moja kwa moja stoo, akavua ndara zake mlangoni bila kuambiwa.

“Nionyeshe.”

Nikamwonyesha. Debe lilikuwepo bado, tupu, na soksi ndani yake, imekauka ngumu. Nilimweleza jinsi ilivyogongwa, ni wapi unga unabaki, na kwa nini nilidhani hata wale wa Ulaya walifanya vivyo hivyo na wakasahau vivyo hivyo. Alisikiliza kama mtu anayechagua maharage, akitupa maneno mengine pembeni. Kisha akaangalia rafu, chombo baada ya chombo.

“Na hivi vyote? Mulitia?”

“Vyote, Mama.”

“Viko na benyewe?”

“Viko nabo. Bengine tunabajua, bengine apana.”

“Basi siku benyewe bakikuja, we utakuwa unapumuzika ku Musaga. Nani atabashika mukono?”

Ile hoja niliyoiweka mfukoni miaka yote, kwamba hakuna atakayekunywa, iliisha pale. Watu wanataka vyombo vyao ili wavitumie, na kila nilipogonga soksi nilikuwa namharibia mtu ambaye hajaja bado.

Miezi yangu ya mwisho mliniona nimejifungia stoo, mkadhani nasikitika kwa kustaafu. Nilikuwa naandika kadi. Nilichukua kimoja kimoja, nikanusa, nikatazama, nikaandika: “Kilitiwa dawa ya wadudu kwa miaka mingi, nje na ndani. Niliitia mimi. Kisinywewe, kisiguswe kwa mikono mitupu, mpaka kipimwe.” Na saini. Mkurugenzi alipita akaona, akaomba niondoe “mimi”, niandike tu “ilitiwa dawa”, itakuwa na heshima zaidi kwa taasisi. Nilimwambia dawa haikujitia. Akafikiri, akaenda, na nadhani siku hizi hanichukii sana. Kwenye kadi za vyombo nilivyojua vilitiwa kabla sijafika niliandika jina la Mzee Saidi, na hapo mkono wangu ulikuwa mzito. Lakini niliona yeye mwenyewe angenielewa. Asingependa mtu adhurike kwa sababu ya usafi wake.

Nawaombeni hizo kadi msizibadilishe ziwe nzuri. Na mkitia chochote, hata tone la gundi, andikeni siku ileile, na andikeni ni nani.

Mgeni alikuwa ameondoka na vumbi la kile chombo cha Gasenyi likapimwe Ulaya, na majibu yalikuja wiki kadhaa baada ya sherehe. Yule mama mpole aliandika mwenyewe, barua fupi. Walikuta sumu mbili, moja ya zamani sana, imeingia ndani ya mti na haitatoka kwa kuosha. Aliomba msamaha, akasema wameanza kufungua upya makabati yao. Nilimsomea Mama Verediana kwa simu. Akauliza kama kinaweza kuwekwa nyumbani bila kuua mtu. Nikamwambia ndiyo, kikiwa juu, kimefunikwa, watoto wasikifikie. Akakichukua. Nilidhani kazi yangu naye imeishia hapo, na nilisikia uchungu kwa sababu alikuwa amepata kila kitu isipokuwa kile alichokuja kuomba.

Jumapili moja Espérance alinipigia. Mama anakuita Gasenyi, alisema, njoo mchana, na usile kwanza.

Nilikuta wanawake wote wa nyumba ile uani, wake za wana wake na wake za wajukuu, nguo zimepigwa pasi. Ndani, juu ya kabati, chombo cha zamani kilikaa kimefunikwa. Chini yake, mezani, kulikuwa na kipya, kilichochongwa kwa kipimo chake, mabega yaleyale. Mdomo wake ulikuwa mzima, hauna waya. Kilikuwa kimefukizwa majani, nacho nilikinusa bila aibu: moshi, maziwa, mti mbichi. Hakikuwa na kitu kingine.

Maziwa yalimiminwa. Halafu hakuna aliyesogea.

Espérance akaninong'oneza shida. Kwao bibi harusi hajinyweshi. Hukabidhiwa chombo na mwanamke wa nyumba aliyekwisha kunywa. Na walio hai, hata mmoja hakuwa amekunywa. Mwana mkubwa akasema basi yeye atampa mama yake.

“We ni mwanaume,” alisema Mama Verediana. “Kaa.”

Mmoja akasema aitwe padri. Mwingine akasema njia zote zikikosekana, Mama achukue mwenyewe, nani atamhukumu? Mama Verediana akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwangu.

“Aje ule wa makumbusho.”

“Mama,” nilisema, “miye si mutu wa nyumba hii.”

“Najua. Hata miye bado. Lakini we njo ulininyima. We njo utanipa.”

Sikuwa na glavu. Nilivua viatu, nikashika chombo kwa mikono mitupu, kizito, vuguvugu, nikapiga goti mbele yake kwa kuwa alikuwa amekaa na mimi sikujua nifanye vipi vingine. Akakipokea. Alikunywa kwa muda mrefu, macho wazi, bila kupumzika, na hakuna aliyepiga makofi. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kitenge. Kisha akasema kijazwe tena, na akamgeukia mkwe wake.

“Espérance, kuja. Sasa miye niko wa hapa. Naweza kukupa.”